Programu uliyoiandika kazini ni mali ya nani, na nani wa kuiachia?

Wiki hii jamaa yangu mmoja aliyeajiriwa kitengo cha kompyuta kaniuliza swali. Kaandika programu, inafanya kazi safi, na ofisi ya jirani inaitaka. Anauliza: "Nikiigawa, nitafukuzwa?" Nikajaribu kumjibu kwa meseji, nikaona haitoshi. Kwa hiyo jibu nimeliweka hapa ili na wengine walione. Ni refu kidogo, vumilieni.

Kwanza niwape kisa.

Nilipomaliza kidato cha sita nilipata kibarua cha kuingiza data kwenye chuo kimoja, jina naliacha. Maktaba yao ilikuwa inaandika vitabu vilivyoazimwa kwenye daftari kubwa la kaunta. Kitabu kikipotea, daftari nalo halisemi kitu. Sasa pale kulikuwa na kaka mmoja fundi wa kompyuta. Hakuna aliyemtuma, lakini jioni jioni akawa anaandika programu ya kuazimisha vitabu. Miezi minne ikawa tayari. Inakwambia nani kachukua nini, lini, na nani kachelewesha. Wale akina mama wa maktaba walifurahi sana.

Siku moja akaja mkutubi wa chuo cha jirani na flashi mkononi. Anaomba nakala tu. Yule kaka akaenda kwa mkuu wa idara kuuliza. Mkuu akasema subiri nimuulize mhasibu. Mhasibu akasema hilo ni la mwanasheria. Mwanasheria alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi. Hakuna aliyesema hapana, na hakuna aliyesema ndiyo. Mwaka ukapita hivyo hivyo. Yule kaka akapata kazi mji mwingine akaondoka. Miezi michache baadaye kompyuta ya maktaba ikaingia virusi, wakaifomati. Programu ikaishia hapo. Nakala haikuwepo popote, kwa sababu mwenyewe aliogopa kuondoka nayo akaitwa mwizi. Daftari likarudi kaunta.

Wakati ule mimi nililaumu watu. Nikasema huyu mkuu ana roho mbaya. Baadaye nimesoma sana mambo haya na sasa naona lawama ile ilikuwa ya bure. Mkuu hakuwa na karatasi yoyote inayomwambia afanye nini. Na mtu asiye na karatasi, njia salama kwake ni kusema subiri. Tatizo lilikuwa sera. Yaani haikuwepo.

MALI NI YA NANI?

Wengi tunadhani kwamba aliyeandika ndiye mwenye mali. "Si kichwa changu hiki?" Kichwa ni chako, lakini kama uliandika ukiwa kazini, sheria za nchi nyingi zinasema vingine.

Kenya, kwa mfano, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema kazi iliyofanywa ndani ya ajira, hakimiliki yake inahamia kwa mwajiri, isipokuwa kama wenyewe mlikubaliana tofauti. Uingereza sheria yao ya mwaka 1988 inampa mwajiri umiliki wa kwanza, nayo inaacha nafasi ya makubaliano. Marekani sheria ya 1976 inakwenda mbali zaidi, mwajiri anahesabika kama ndiye mtunzi mwenyewe.

Kwa hiyo ukiwa umeajiriwa, kitu cha kwanza ni kusoma mkataba wako wa ajira. Usisome mshahara na likizo tu. Tafuta kipengele kinachozungumzia kazi za ubunifu. Hapo ndipo penye jibu lako.

Sasa maana ya programu huria, kwa wale wageni. Ni programu ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia kwa shughuli yoyote, kusoma msimbo wake (yale maandishi ambayo fundi aliyaandika), kuubadili, na kugawa nakala, za mwanzo au zilizobadilishwa. Ruhusa hiyo inaandikwa kwenye leseni. Na leseni anaitoa mwenye mali. Ona sasa tatizo lilipo: kama mwenye mali ni taasisi, fundi hawezi kutoa leseni peke yake hata awe na moyo mzuri namna gani. Taasisi nayo ni jina tu, haina mkono. Lazima kuwe na mtu fulani, mwenye cheo fulani, aliyepewa madaraka ya kusaini. Sera ndiyo inamtaja mtu huyo.

TAASISI MBILI, MWAKA MMOJA

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha mwaka 1993. Kinahusu hiki tunachokitumia kila siku, Wavuti.

Mwanzoni mwa mwaka ule watu waliotaka kutafuta habari kwenye intaneti walikuwa wanatumia zaidi kitu kinaitwa Gopher. Kilitengenezwa na wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, timu ya Mark McCahill, kikatoka mwaka 1991. Kilikuwa rahisi: unaona orodha, unachagua, inafunguka orodha nyingine au maandishi. Vyuo dunia nzima vikaweka seva za Gopher.

Upande wa pili, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kwenye kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, Tim Berners-Lee alikuwa ameandika pendekezo la Wavuti mwaka 1989 na programu za kwanza mwaka 1990. Januari 1993 seva za Wavuti zilizojulikana dunia nzima zilikuwa kama 50 tu.

Mapema mwaka 1993 chuo cha Minnesota kikatangaza kwamba sasa kitaanza kudai ada ya leseni kwa baadhi ya wanaotumia programu yao ya seva, hasa wafanyabiashara. Chuo kilikuwa na sababu zake, timu ile inakula mshahara, na wanaofaidika ni dunia nzima. Lakini angalieni kilichotokea. Watu waliokuwa wanaandika programu zao wenyewe za Gopher wakaingiwa na hofu. Je, na sisi tutadaiwa? Leo wanadai wafanyabiashara, kesho je? Makampuni yakasita.

Hofu hiyo ikafika mpaka CERN. Watu wakaanza kumuuliza Berners-Lee: na hii yako, mwajiri wako naye atatugeuka? Yeye hakuwa na uwezo wa kujibu, kwa sababu mali ilikuwa ya CERN. Akawa anaomba uongozi utoe tamko la maandishi. Mwenzake, Robert Cailliau, akahangaika na ofisi ya sheria ya kituo mpaka karatasi ikapatikana.

Tarehe 30 Aprili 1993 wakurugenzi wawili wakasaini, Walter Hoogland wa utafiti na Helmut Weber wa utawala. Karatasi yenyewe ni fupi. Inataja vitu vitatu kwa majina: programu ya kusomea, programu ya seva, na maktaba ya msimbo ambayo zote mbili zinaitumia. Inasema CERN inaachia haki zake zote juu ya msimbo huo, na yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuunakili, kuubadili na kuugawa. Basi.

Mwisho wa mwaka ule seva za Wavuti zilizojulikana zilizidi 500. Mwisho wa 1994 zilikuwa 10,000 na watumiaji milioni 10.

Sitaki kuwadanganya kwamba ni karatasi peke yake iliyofanya hivyo. Mwaka huo huo kulitoka pia kivinjari cha Mosaic kilichoonyesha picha pamoja na maandishi, na hiyo ilivuta watu wengi. Lakini fikiria wewe ni kampuni mwaka 1993, una mbili mbele yako. Moja mwenyewe anasema nitakudai. Nyingine mwenyewe kasaini kwamba hatakudai kamwe. Utajenga juu ya ipi?

Minnesota walikuja kuiachia Gopher chini ya leseni huria ya GPL mwaka 2000. Wakati huo watu walishahama zamani.

Na kuna jambo moja linasahaulika. CERN haikuamka tu siku moja ikawa na roho nzuri. Mkataba ulioanzisha kituo kile katika miaka ya 1950 ulishasema matokeo ya utafiti wao yachapishwe au yafikiwe na watu wote. Yaani aliyekuwa anaomba ruhusa alikuwa na mahali pa kushika. Angeweza kumwambia bosi, "Mzee, hili ni jambo letu tangu mwanzo." Yule kaka wa maktaba hakuwa na kitu cha namna hiyo cha kunyooshea kidole.

MTU ANAONDOKA, PROGRAMU INABAKI

Mosaic nimeitaja. Ilitoka kwenye kituo cha kompyuta cha NCSA, Chuo Kikuu cha Illinois. Kituo kile kile kilikuwa na programu nyingine, ya seva ya Wavuti, iliyoandikwa na kijana mmoja, Rob McCool. Sasa taasisi ile ile ikachukua njia mbili. Mosaic ilikuwa bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, makampuni yanakata leseni. Haki zake zikauzwa kupitia kampuni ya Spyglass, na Microsoft ilianzia hapo kutengeneza Internet Explorer yake ya kwanza mwaka 1995. Programu ya seva yenyewe iliachiwa wazi kabisa.

Mwaka 1994 McCool akaondoka NCSA. Kazi ya programu ile ikasimama. Ni sawasawa na maktaba yetu. Lakini pale msimbo ulikuwa wazi, na waliokuwa wanaitumia walikuwa na ruhusa ya kuubadili. Kila mmoja alikuwa ameshashona kiraka chake kurekebisha kasoro. Wakatafutana kwa barua pepe, wakakusanya viraka, na Aprili 1995 wakatoa toleo lao. Wakaliita Apache. Baada ya mwaka mmoja tu Apache ndiyo ilikuwa seva inayotumika kuliko zote kwenye intaneti.

Linganisheni na kisa changu. Fundi kaondoka, na huku fundi kaondoka. Kule programu ikakua, huku ikafomatiwa. Tofauti ilikuwa ruhusa iliyotolewa mapema, kabla fundi hajaaga.

PALIPOKOSEKANA NJIA

Sasa taasisi isipokuwa na njia, mtu anafanyaje? Wengine wanaacha kazi. Richard Stallman alikuwa mfanyakazi wa maabara ya MIT. Septemba 1983 akatangaza kwamba ataandika mfumo mzima wa kompyuta ulio huria, GNU. Januari 1984 akajiuzulu. Sababu ameieleza mwenyewe mara nyingi: angebaki kwenye ajira, MIT ingeweza kudai kazi ile ni yake na kuweka masharti yake. Bahati yake mkuu wa maabara alimruhusu aendelee kutumia vifaa vya pale. Jamani, ni wangapi kwetu wanaweza kuacha mshahara kwa ajili ya leseni?

Tatizo lingine ni ruhusa isiyoeleweka. Chuo Kikuu cha Washington kilikuwa na Pine, programu ya kusomea barua pepe iliyopendwa sana vyuoni miaka ya 1990. Leseni yake ya mwanzo ilionekana inaruhusu kila kitu. Baadaye chuo kikaitafsiri: unaruhusiwa kubadili, unaruhusiwa kugawa, lakini huruhusiwi kugawa ile uliyoibadili. Mnaona mtego? Neno "na" moja tu katikati ya sentensi. Watengenezaji wa Debian wakaacha kugawa Pine iliyo tayari kutumika. Mwaka 2007 chuo kikatoa mrithi wake, Alpine, chini ya leseni ya Apache, ubishi ukaisha. Leseni ya kujitungia nyumbani ni hatari. Kuna zilizoandikwa na kupimwa tayari, chukua moja.

Na kuna sharti dogo linalokuja kuwa mzigo. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kiliachia mfumo wake wa BSD kwa sharti kwamba tangazo lolote linalotaja mfumo huo litaje na chuo. Haki yao, kutajwa ni jambo jema. Lakini watu wengine wakaiga, kila mmoja akaweka jina lake. Stallman alihesabu kwenye toleo moja la NetBSD la mwaka 1997 akakuta sentensi za namna hiyo 75. Tangazo lako la gazeti lingejaa majina kama tanzia! Julai 1999 mkurugenzi wa ofisi ya leseni ya chuo, William Hoskins, akatoa barua fupi ya kulifuta sharti hilo. Kwa sababu ofisi ipo na mwenye madaraka anajulikana, barua moja ilitosha.

KARIBU NA NYUMBANI

Msidhani haya ni ya Wazungu tu. Eldoret, Kenya, kwenye kliniki za VVU zinazoendeshwa na Chuo Kikuu cha Moi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana, wagonjwa walikuwa wengi kuliko uwezo wa mfumo wa kumbukumbu uliokuwepo. Mwaka 2004 wataalamu wa taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis wakaanza kuandika mfumo mpya, OpenMRS. Mwaka 2006 ukaanza kazi Eldoret, mwaka huo huo ukaingia Rwanda. Waliokuwa wanauandika walikuwa wameajiriwa na taasisi tofauti, nchi tofauti. Kila mwajiri angesema kipande hiki ni changu, mgonjwa wa Rwanda angesubiri mpaka leo. Leseni ya pamoja iliyo huria ndiyo iliwaweka mezani.

Mwingine ni DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kenya imeutumia nchi nzima tangu 2011, na Tanzania nayo ikafuata. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya kazi nyingi humo. Leo unatumika kwenye nchi zaidi ya 70. Chuo cha Oslo kilichagua leseni ya BSD, fupi, kila wizara inaielewa. Muuguzi anayejaza fomu ya mwezi kwenye zahanati hajui habari za leseni, lakini leseni ndiyo imemfikishia mfumo ule.

SERA NZURI INA NINI NDANI?

Haya, tufike kwenye kazi yenyewe. Kama uko kwenye taasisi na mnataka kuandika sera, haya ndiyo ninayoona hayakosekani.

1. Mali ni ya nani. Isiishie kwa wafanyakazi tu. Mwanafunzi si mwajiriwa, analipa ada, basi programu yake ya mradi wa mwisho ni ya nani? Mtu wa mkataba mfupi je? Anayejitolea? Na ile uliyoandika nyumbani usiku kwa kompyuta yako mwenyewe? Kila mmoja apewe mstari wake.

2. Nani anasaini, na kwa siku ngapi. Kitajwe cheo kimoja, siyo kamati ya watu tisa. Iwekwe idadi ya siku, na iandikwe kitakachotokea siku zikipita bila jibu. Kimya kisiwe jibu. Tume ya Ulaya ilikuwa na tatizo hili hili, kuachia programu kulihitaji safari ndefu ya vibali. Desemba 2021 wakapitisha uamuzi mmoja wa jumla, idara zao sasa zinaweza kuachia programu zenyewe kwa makaratasi machache zaidi.

3. Ukaguzi kabla ya kutoa. Fundi aonyeshe kwamba ndani hakuna nywila, hakuna majina ya wagonjwa au wanafunzi, hakuna msimbo wa watu wengine uliochukuliwa bila ruhusa. Mfadhili naye aliweka masharti gani? Na kama kuna uvumbuzi ambao taasisi inataka kuukatia hataza, yaani haki ya kuzuia wengine wasiutumie kwa muda fulani, liamuliwe kabla. Ukishatangaza hadharani, nchi nyingi hazikupi tena.

4. Leseni ya kawaida ya taasisi. Ziko familia mbili kubwa. MIT, BSD na Apache zinasema chukua, tumia unavyotaka, hata ukitengeneza ya kuuza iliyofungwa, ila usifute jina letu. GPL inasema chukua, lakini ukiigawa, na mabadiliko yako uyagawe kwa masharti haya haya. Sera ichague moja iwe ya kawaida, na anayetaka nyingine aeleze kwa nini.

5. Majina. Hakimiliki iandikwe jina la taasisi, na walioandika watajwe kwa majina yao. Hili haligharimu hata senti, na kwa kijana anayetafuta kazi kesho lina thamani kubwa. Nembo ya taasisi ibaki ya taasisi, mtu akibadili programu asijifanye ni nyie.

6. Dhamana. Iandikwe wazi kwamba programu inatolewa kama ilivyo, ikiharibu kazi yako usitushitaki. Leseni zote nilizotaja zinalo neno hilo tayari. Ni sababu nyingine ya kutojitungia.

7. Baada ya kutoa. Mfanyakazi aruhusiwe kutumia saa za kazi kupokea marekebisho ya watu wa nje. Na akiacha kazi aweze kuendelea kama mtu mwingine yeyote, bila kuitwa mwizi.

CERN wenyewe walijifunza. Ile karatasi ya 1993 iliachia haki zote kabisa, na ukishaachia zote huna tena cha kudai, hata jina lako likifutwa. Toleo lililofuata, mwaka 1994, wakabaki na hakimiliki na kutoa ruhusa kwa leseni. Na mwaka 2023 wakafungua ofisi maalumu ya kuwasaidia wafanyakazi wao kuachia programu na vifaa kwa njia huria. Miaka 30 baadaye bado wanaboresha. Kwa hiyo msiogope sera yenu ya kwanza ikiwa na mapungufu.

"LAKINI TUTAKOSA HELA"

Hili ndilo nitakaloulizwa, nalijua. Jibu langu: kuuza siyo dhambi. Illinois waliuza Mosaic. Kama programu yenu ina soko, uzeni, na sera iseme aliyeandika anapata mgao gani. Ila jiulizeni kwa ukweli, ile programu ya kuazimisha vitabu nani angeinunua? Chuo cha jirani kilikuja na flashi, hakikuja na hundi. Programu nyingi za ofisini ziko hivyo. Haziuziki, lakini zina faida. Mkizifungia kabatini hampati hela na hampati faida. Mkiziachia, angalau jirani atawarudishia marekebisho.

Kosa la Minnesota naliona lingine kabisa. Ada ilikuja baada ya watu kushazoea, tena bila mpaka unaoeleweka. Kama mnataka kuuza, semeni siku ya kwanza. Kama mnataka kutoa, sainini siku ya kwanza.

KWA JAMAA YANGU, NA WENGINE KAMA YEYE

Ndugu yangu, usiigawe kimya kimya. Ukifanya hivyo unampa jirani mzigo wa mali isiyo na karatasi, siku bosi mpya akija wote mna kesi. Fanya hivi. Soma mkataba wako. Andika barua ya ukurasa mmoja, siyo zaidi: programu inafanya nini, nani anaihitaji, ndani hakuna siri ya mtu, leseni unayopendekeza ni hii, na hasara kwa taasisi ni hakuna. Chini kabisa weka sentensi tayari ya ruhusa, na mstari wa sahihi, jina, cheo na tarehe. Bosi asipate kazi ya kutunga, apate kazi ya kusaini tu. Hata wakurugenzi wa CERN waliletewa karatasi iliyokwisha andikwa. Weka nakala mbili, moja kwenye faili lako.

Yule kaka wa maktaba tuliongea mwaka jana. Nikamuuliza, unakumbuka ile programu? Akacheka, akasema angeweza kuiandika tena kwa wiki mbili, tatizo sasa kaajiriwa kwingine, na huko nako hajui ni nani wa kumuuliza.

Nawasilisha, wadau. Kwenye taasisi yako kuna sera ya namna hii? Kama ipo, tuambie inasemaje. Kama haipo, programu ngapi mnazijua zimefomatiwa? Karibuni kwenye maoni hapo chini.